Bustani ni ya Nani? Haki na Adabu za Kiwanja cha Watu Wote

(Haya ni mazungumzo waliyopewa vijana na wazazi wa Kibera na Kawangware baada ya swalla ya alasiri, katika kumi la mwisho la Ramadhan. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sitawaweka sana. Najua saa hizi tumbo linazungumza kwa sauti kuliko mimi, na kina mama wameacha uji wa futari jikoni. Mashekhe wetu wameshatueleza juu ya Lailatul Qadr na Zakatul Fitr, na sina la kuongeza. Mimi nimeombwa nizungumzie jambo la baada ya Ramadhan. Nalo ni siku ya Idd, saa nane mchana, wakati swalla imeisha, pilau imeliwa, jamaa wametembelewa, na kila kijana anamuuliza mwenzake, "Sasa tunaenda wapi?"

Jibu tunalijua sote. Nyumba zetu ni chumba kimoja, futi kumi kwa kumi. Watu sita wakikaa ndani, wa saba anakaa mlangoni. Hatuna ua wala baraza, na mti wa kukaa chini yake hatuna. Kwa hivyo tunaingia matatu, wa Kibera na namba 8, wa Kawangware na 46, tunaenda bustanini. Wengine wanakata miguu kupitia Lavington na Kileleshwa mpaka Arboretum, ile misitu iliyopandwa tangu mwaka 1907 kujaribu miti ya kuni za gari la moshi. Na kwa miaka mingi wengi wetu tulikuwa tunaenda Uhuru Park. Mnakumbuka? Mabanati na buibui mpya, watoto na miwani ya plastiki, mashua kwenye lile ziwa la kuchimbwa, wapiga picha na kamera zao shingoni, baba amevua viatu amelala kwenye nyasi kwa mara ya kwanza mwaka mzima.

Mwaka 2021 Uhuru Park ilipofungwa kwa ukarabati, ndipo tulipojua thamani yake. Idd ilifika na mlango umefungwa. Nilimwona mzee mmoja na watoto wake wamesimama nje wanachungulia, halafu wakarudi stendi. Mwenye gari alienda pengine. Asiye na gari, bustani ya mji ndiyo sebule yake. Ikifungwa, amefungiwa sebule.

Basi leo nataka tuulizane swali moja tu: bustani ni ya nani?

Wengi tutasema, "Ni ya serikali," ama, "Ni ya kanju." Na tukishasema hivyo, tumejitoa. Uchafu atazoa kanju, mti ukikatwa ni shauri ya kanju, na uwanja ukiuzwa, basi, kanju wameuza chao. Ndugu zangu, hapo ndipo kosa linapoanzia.

Niwape kisa cha mwaka 1906. Mji huu wa Nairobi ulikuwa bado mabati na matope. Alikuwapo mfanyabiashara Mwislamu wa Kibohora, mzaliwa wa Karachi, jina lake Alibhai Mulla Jeevanjee. Ndiye aliyekuwa akileta vibarua kutoka Bara Hindi na kusambaza mahitaji ya ujenzi wa reli. Alikuwa tajiri, na angeweza kujenga maduka kila mahali. Lakini pale katikati ya mji alitengeneza bustani, akaitoa kwa watu wa Nairobi. Ndiyo hiyo Jeevanjee Gardens, ambapo mpaka leo mtu asiye na senti mfukoni anaweza kukaa kwenye benchi na hakuna atakayemuuliza amenunua nini. Mhubiri anahubiri saa ya lunchi, wazee wa Bunge la Mwananchi wanabishana siasa, na kijana anayetafuta kazi anapumzisha miguu.

Mwaka huo huo wa 1906 ndipo ilipoanzishwa klabu ya gofu ya Nairobi, ambayo uwanja wake leo umepakana na Kibera yetu. Nyasi zake ni kijani kweli kweli, na sisi tunaziona kupitia seng'enge. Simlaumu mtu. Klabu ni klabu, ina wanachama wake. Lakini tazama tofauti: kijani kimoja unakiangalia, kingine unakikalia. Jeevanjee alifariki mwaka 1936, na hadi leo kuna mtu asiyejua hata jina lake, amelala kwenye kivuli cha sadaka yake.

Sasa msidhani kivuli hicho kilijilinda chenyewe. Mwaka 1991 ulitoka mpango wa kujenga jengo kubwa na maegesho ya magari hapo hapo. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama akapinga, wakazi wa mji wakamuunga mkono, na mpango ukafa. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1989, ilikuwa zamu ya Uhuru Park. Chama kilichotawala kilitaka kusimamisha mnara wa ghorofa sitini katikati ya nyasi. Profesa Wangari Maathai akaandika barua, akatukanwa, akachekwa bungeni, hakunyamaza. Mwishowe wafadhili wakajitoa na mnara haukujengwa. Wakati huo haikuwa rahisi kusema neno, wazee mlioko hapa mnajua.

Na si mambo ya zamani tu. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma nchini ilivyogawiwa kinyume cha sheria, vikiwemo viwanja vya michezo, bustani na hata makaburi. Mwezi wa Januari 2015, hapo Lang'ata Road Primary, si mbali na Kibera, watoto wa shule walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Wakausukuma ukuta kwa mikono yao, wakarushiwa vitoa machozi. Watoto! Nchi nzima ikapiga kelele, na uwanja ukarudi.

Ukitazama visa hivi vyote utaona jambo moja. Viwanja hivi vilipona kwa sababu kulikuwa na watu waliosema, "Hiki ni chetu," na walipogeuka nyuma wakakuta kuna wengine wamesimama nao.

Sasa nisimulie kile ambacho hakikupona. Hiki nakijua kwa sababu nilikuwamo, na lawama yake ninayo.

Mtaani kwetu Kawangware, nilipokuwa kijana, kulikuwa na kiwanja. Hakikuwa bustani ya maua, kilikuwa vumbi na nyasi kidogo pembeni na miti miwili. Asubuhi kina mama walianika nguo pale. Mchana wachuuzi walipumzika chini ya mti. Jioni tulicheza kabumbu. Jumapili watu wa kanisa moja dogo waliweka viti na spika, na sisi wa madrasa tulikuwa tukikitumia siku ya Maulid.

Wallahi, kingetutosha sote. Lakini sisi vijana wa timu tulijiona ndio wenyewe. Tuliwafukuza watoto wadogo wasituharibie mechi. Tulizing'oa kamba za nguo za kina mama, na siku moja shuka jeupe la jirani lilikanyagwa mpaka likawa rangi ya udongo. Jumapili tulianza mechi mapema makusudi, mpira ukawa unaangukia kwenye viti vya wale wa kanisa, nasi tunacheka. Tukiulizwa, tunajibu, "Hiki ni kiwanja chetu. Tafuteni chenu."

Asubuhi moja tuliamka tukakuta nguzo na mabati. Kuna mtu amekuja na karatasi. Tukakimbia huku na huku. Tukaandika barua, tukaenda mlango kwa mlango kutafuta sahihi. Kwa mchungaji, alitusikiliza, akasema atafikiria, na hakurudi. Wachuuzi walikuwa wameshahama. Halafu tukafika kwa yule mama wa shuka jeupe. Akatutazama, akatuuliza kwa upole kabisa, "Kwani kilikuwa chetu? Si mlituambia ni chenu?"

Hatukuwa na jibu. Na sisi peke yetu, vijana kumi na watano na mpira mmoja, ni nani angetusikia? Leo pale pana ghorofa. Watoto wangu wanachezea barabarani, kati ya bodaboda na mitaro.

Ndiyo maana nasema, ndugu zangu, kiwanja huanza kupotea siku tunapoacha kukigawana. Yule mwenye mabati alikuja mwisho tu. Sisi tulikuwa tumeshamfungulia njia.

Dini yetu ilishatufundisha haya, ni sisi tu hatukuyachukua. Mtume (S.A.W.) alipowakataza masahaba kukaa barabarani, walimwambia hawana budi, hapo ndipo wanapozungumzia. Si kama sisi? Basi akawaruhusu kwa sharti la kuipa njia haki yake, na akazitaja: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Angalieni vizuri, njia ina haki! Na kama njia ina haki, bustani pia inayo. Hebu tuzipitie kwa vile tunavyoishi.

Kwanza, haki ya nafasi. Katika Sura Al-Mujadila, aya ya 11, Allah (S.W.) anawaamrisha waumini wapeane nafasi katika mabaraza, na anawaahidi kuwa Yeye atawapa nafasi. Sasa wewe unafika asubuhi, unatandika mikeka mitano kwa ajili ya watu ambao bado wanakunywa chai Makina, na familia iliyotoka mbali inazunguka na mtoto mgongoni haina pa kukaa. Kunja huo mkeka. Wanaocheza mpira, wawaachie watoto pembe moja. Na yule mlinzi aliyekesha langoni kwa mtu, amejilaza chini ya mti saa tano asubuhi, msimwite mvivu. Huenda chumba chake mchana ni kelele na joto la mabati. Pale ndipo kitanda chake.

Pili, haki ya macho na ulimi. Vijana wa kiume, hapa nawaambia nyinyi. Dada zetu wengi hawaogopi bustani kwa sababu ya wezi. Wanatuogopa sisi. Kundi la vijana limekaa njiani, kila msichana anayepita anapewa jina, ama anafuatwa na simu ya kupiga picha. Halafu tunasema mabanati wakae nyumbani kwa usalama wao. Je, Mtume (S.A.W.) alifanya hivyo? Siku ya Idd aliwaswalisha watu kwenye uwanja wa wazi, na akaamrisha wanawake watolewe wote, wasichana na hata wenye hedhi, washuhudie kheri japo wasiswali. Na Wahabeshi walipocheza na mikuki yao siku ya Idd, Bi Aisha (R.A.) alisimama nyuma yake akitazama mpaka akatosheka mwenyewe. Idd ilikuwa ya wote, na uwanja ulikuwa wa wote. Dada yako akiogopa kupita ulipokaa, hapo umemnyang'anya kiwanja bila hata kuweka mabati.

Tatu, haki ya kivuli. Mtume (S.A.W.) ametuonya vikali dhidi ya kujisaidia kwenye njia za watu na kwenye kivuli chao, na akafahamisha kuwa hilo huleta laana. Na alifundisha kuwa kuondoa kinachoudhi njiani ni katika matawi ya imani. Sasa niwaambie kilichonipata. Mwaka mmoja, siku ya pili ya Idd, nilikatiza Uhuru Park asubuhi nikienda kibaruani. Kofia yangu kichwani. Mama mmoja alikuwa anafagia. Nyasi hazikuonekana: sahani za karatasi, mifupa ya kuku, chupa, nepi za watoto, zote chini. Akaniuliza, "Kijana, jana ilikuwa sikukuu yenu?" Nikasema ndiyo, mama. Akasema, "Mlipendeza sana. Watoto wenu walipendeza." Kisha akainama akaendelea kufagia. Hakuongeza neno. Heri angenitukana! Mwezi mzima tumejizuia hata maji halali, na siku moja ikatushinda kubeba mfuko wa takataka.

Nne, haki ya jirani asiyekuwa wa dini yako. Bustani si msikiti. Pale utamkuta Mkristo na gitaa lake, Mhindi na wajukuu zake, wapenzi wanaogombana, mzee na gazeti. Sasa hivi tuko Ramadhan, na ukipita Jeevanjee saa saba utakuta watu wanakula chipsi kwenye benchi. Usiwakazie macho. Saumu ni yako, na lunchi ni yao. Wakiweka spika yao, na sisi tukiweka kaswida, tupunguze sote sauti ili kila mmoja asikie chake. Tungefanya hivyo Kawangware, yule mchungaji angetia sahihi ya kwanza.

Tano, haki ya kusahihishana kwa upole. Kuna bedui aliyeingia msikitini kwa Mtume (S.A.W.) akakojoa humo ndani. Masahaba wakataka kumrukia. Mtume akawazuia, akamwacha amalize, akaamuru maji yamwagwe, kisha akamfahamisha kwa wema. Ukimwona mtu anavunja tawi ama anatupa chupa, anza kwa salamu. Okota wewe ya kwanza, umwombe ya pili. Ukianza na matusi mtabaki na ugomvi, na chupa itabaki pale pale.

Mtaniuliza, "Ustadh, hayo ni ya mjini. Sisi hapa mtaani tuna bustani gani?" Swali zuri. Wazee wetu Wanubi wanajua kwamba jina Kibra maana yake ni msitu. Wakati wa ukoloni, mwaka 1918, ardhi hii ilitengwa rasmi kwa askari, ekari 4,197. Ilipofika mwaka 2017, hatimiliki iliyopewa jamii ya Wanubi ilikuwa ya ekari 288. Na hapo chini, Nairobi Dam, iliyojengwa mwaka 1953, watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga. Leo ni magugu na taka. Msitu umeisha na ziwa limezibwa. Kwa hivyo hata kipande kidogo kilichobaki kina thamani.

Lakini kuna habari njema. Tangu mwaka 2006, wakazi wa Kibera wakishirikiana na shirika la Kounkuey Design Initiative wamegeuza sehemu kadhaa kandokando ya mto Ngong, zilizokuwa majaa ya taka, zikawa viwanja vya watu. Wameweka ukuta wa mawe wa kuzuia mafuriko, mahali pa watoto kucheza, vyoo, maji, na pahali pa kukutana. Kilichonipendeza zaidi ni utaratibu wake. Wenyeji wenyewe wanakaa kamati, na pesa ndogo ndogo zinazopatikana pale zinasaidia kutunza mahali. Hapo mama wa kufua, kijana wa mpira na mzee wa kikundi wanakaa meza moja. Siku mtu akija na mabati, atakuta wenyewe ni wengi.

Na sheria iko upande wetu. Katiba iliyozinduliwa pale pale Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010 inasema katika kifungu cha 62 kwamba ardhi ya umma huwekwa chini ya serikali kwa amana ya wananchi. Amana! Neno hilo sisi Waislamu hatulihitaji kutafsiriwa. Na mwenye kunyakua ardhi kwa dhulma, hata shibiri moja, Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa siku ya Kiyama atavishwa shingoni ardhi saba.

Basi naomba mambo matatu kabla ya adhana.

La kwanza, siku ya Idd kila familia ibebe mfuko mtupu pamoja na chakula. Urudi umejaa. Jumuiya yetu ya vijana itoe watu ishirini, wavulana na mabanati, wabaki nyuma nusu saa kusafisha tulipokaa. Wasitangaze, wasipige picha. Wafanye tu.

La pili, wiki baada ya Idd, tutafute kila kiwanja kilichobaki katika mitaa yetu, Kibera na Kawangware. Tujue kinatumiwa na nani na saa ngapi, na kinatambuliwa kuwa ardhi ya umma ama la. Swali hilo tuulize mapema ofisini, nguzo zikiwa bado hazijafika.

La tatu ndilo gumu. Nendeni kwa jirani mliyewahi kumfukuza kiwanjani. Mwombeni msamaha kabla ya Idd, maana funga bila ya kusameheana ina upungufu. Mwambieni, "Kiwanja ni chetu sote." Mimi nilienda kwa yule mama wa shuka jeupe, miaka imepita, ghorofa limeshasimama. Alicheka, akanipa chai, akaniambia, "Wewe ndiye yule wa mpira?" Alinisamehe. Kiwanja chenyewe hakikurudi.

Nyinyi bado mna vyenu, ndugu zangu. Msingoje mpaka vifike huko.

Ewe Mola, tutakabalie saumu zetu na swalla zetu. Warehemu waliotuachia vivuli, na utujaalie na sisi tuache kivuli kwa watakaokuja. Tuongoze tutunze amana zako, na tupeane nafasi hapa duniani ili utupe nafasi kwako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Idd Mubarak kwa watakaoifikia, InshaAllah.